Maswali Yenu: Manowari, Wapiga Mbizi na Meli Iliyobebwa Vichwani

Majuzi niligusia hapa, kwa sentensi moja tu, kwamba Jeshi letu la Wanamaji hapa Kenya husherehekea siku yake kila Desemba 15. Tangu hapo simu yangu haijapoa. Kumbe sisi watu wa ziwa na wa milimani, tulio mbali kabisa na maji ya chumvi, tuna maswali kuliko Wamombasa wenyewe. Nimeteua machache. Ya vita nimeyaweka kando, yana wasimulizi wake.

Kwa nini Desemba 15, wala si siku ya uhuru yenyewe? (Mwanafunzi, Maseno)

Siku ya uhuru, mwanangu, hatukuwa na jeshi la majini. Lilikuwapo moja la wakoloni, lililohudumia Afrika Mashariki nzima kutoka Mombasa, likiitwa Royal East African Navy. Likavunjwa 1962. Bendera yetu ilipopanda Desemba 12, 1963, bahari ilikuwa yetu lakini bila mlinzi wetu wenyewe. Mwaka uliofuata, Desemba 12, 1964, tukawa Jamhuri, na siku tatu baadaye jeshi likazinduliwa. Waingereza ndio waliolisimamia mwanzoni. Usukani ulifika mikononi mwa Mwafrika mapema miaka ya 1970, naye ni Luteni Kanali Kimaro.

Nimesikia manowari za kwanza zilipewa majina ya wanyama. Ni kweli au ni soga za kinyozi? (Mwalimu wa historia, Kakamega)

Mwalimu, safari hii kinyozi hakukosea. Zile tatu za kwanza, zilizotoka Uingereza 1966, ziliitwa Simba, Chui na Ndovu. Mwaka 1974 ikaja Mamba. Kati ya hao wanne, mamba peke yake ndiye mwenye haki ya kudai makazi majini. Kiboko, ambaye wavuvi wetu humwogopa kuliko dhoruba, hakukumbukwa na mtu.

Lakini endelea na orodha hiyo, utaona kitu ambacho wanafunzi wako wangefurahia. Mwaka 1975 zikaja Madaraka, Jamhuri na Harambee. Wanyama wamekwisha, sasa tunasoma hotuba za Mzee Kenyatta zikielea. Mwaka 1987 zikafika mbili kubwa zaidi, zenye uwezo wa kubeba makombora. Majina? Nyayo na Umoja. Hata nisingekutajia mwaka, ungejua ni Moi aliyekuwa Ikulu.

Miaka ya 1990 siasa zikapungua majini. Galana na Tana, za kushushia askari na mizigo ufukweni, zilichukua majina ya mito. Shujaa na Shupavu zikachukua sifa za watu. Mwisho ikaja Jasiri, ambayo kwangu ndiyo iliyostahili jina lake kuliko zote, kwa uvumilivu tu. Mkataba ulitiwa saini 2003, ikajengwa Uhispania, kisha mzozo wa zabuni na bei ukaifunga gatini huko huko miaka na miaka. Iliwasili Mombasa 2012. Mtoto aliyezaliwa siku ya mkataba alikuwa tayari anajua kuandika insha.

Nikiwa mwalimu wa historia ningeyaandika majina hayo ubaoni bila tarehe, niwaambie watoto wakisie ni enzi ya nani.

Mbona ziwani hatuoni manowari? Tunanyang'anywa nyavu, serikali iko Mombasa. (Mvuvi, Dunga)

Ndugu yangu, malalamiko yako yana sehemu mbili, nami nitaanza na ile rahisi. Ulinzi wa ziwa si kazi ya manowari. Tangu 2018 tuna Huduma ya Walinzi wa Pwani, na licha ya jina hilo la "pwani," sheria inawapa pia maziwa ya ndani. Kama hawafiki Dunga upesi unavyotaka, hilo ni la kuwauliza wao, na una haki ya kuuliza kwa sauti.

Sehemu ya pili inanipendeza zaidi. Manowari ya Mombasa haiwezi kuja Kisumu hata ikitaka. Ziwa letu, Victoria, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Mto Nile una maporomoko yasiyopitika kwa meli. Chombo chochote kikubwa ulichowahi kukiona Nam Lolwe, kama Waluo tunavyoliita ziwa hilo, ama kiliundwa hapa hapa, ama kililetwa vipande vipande kikaungwa hapa.

Cha kwanza kilikuwa kimeli cha mvuke, William Mackinnon. Kiliundwa Uskoti, kikafunguliwa, vipande vikaletwa Mombasa katika miaka ya 1890, wakati reli haijafika mbali. Wapagazi wakavibeba. Hebu fikiria chuma cha meli kichwani mwa mtu, nyika ya Taru nzima, kisha Bonde la Ufa, kisha mlima wa Mau. Vipande vingine viliachwa njiani. Kimeli kiliingia majini Kisumu mwaka 1900, na reli yenyewe ikafika Desemba 1901. Yaani meli ililitangulia gari moshi! Na kwa wapenda ubishi wa sokoni Kibuye: wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda, hadi 1902.

Sasa wanamaji wanaingia wapi? Wazee wanaikumbuka MV Uhuru, feri ya miaka ya 1960 iliyokuwa ikimeza mabehewa ya treni na mizigo yake yote, ikayatapika Port Bell au Mwanza. Nilipokuwa mdogo honi yake ndiyo iliyokuwa saa yetu. Baadaye ikalala gatini zaidi ya mwongo mmoja, ikawa ya ndege na kutu. Walioiamsha ni mafundi wa Jeshi la Wanamaji, na mwisho wa 2019 ikarudi kazini kubeba mafuta kwenda Uganda. Kisha ikaundwa Kenya Shipyards, kampuni ya serikali iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, na karakana yake ya Kisumu ikafunguliwa wakati wa Madaraka ya 2021. Humo ndimo ilimoundwa MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100, kwa ushirikiano na Waholanzi wa kampuni ya Damen.

Kwa hiyo, ndugu, wanamaji wako kwako. Ila wamekuja na mashine za kuchomelea badala ya mizinga.

Mkubwa wao anaitwaje? Kwenye sinema huwa ni admirali. (Dereva wa matatu, Kericho)

Kwetu ni Meja Jenerali. Majeshi yetu matatu yanatumia vyeo vya aina moja, wawe angani, nchi kavu au majini. Watatu kutoka majini walipanda hadi ngazi ya juu kabisa ya kuwaongoza wanajeshi wote: Jenerali Joseph Kibwana tangu 2000 hadi 2005, Jenerali Samson Mwathethe tangu 2015 hadi 2020, na Jenerali Charles Kahariri, aliyeteuliwa 2024.

Helikopta ilipoanguka katika Ziwa Nakuru, kwa nini walioitwa wakashindwa kuwapata watu haraka? Ziwa lenyewe si refu kwenda chini. (Mama wa Flamingo Estate, Nakuru)

Mama, nakumbuka asubuhi ile ya Oktoba 21, 2017. Watu watano walikuwa ndani. Ufuo ulijaa watu, na kila mmoja alikuwa na nadharia yake. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji walikuwa miongoni mwa walioitwa.

Umesema kweli, ziwa hilo si la kina kirefu. Shida haikuwa kina. Maji ya Nakuru ni ya magadi, na chini kuna tope laini ambalo likiguswa tu linapanda juu kama moshi. Mpiga mbizi anafumbua macho asione kiganja chake, kwa hiyo anatafuta kwa kupapasa. Ongeza viboko. Ongeza kwamba tangu takribani 2010 ziwa limekuwa likipanua mipaka yake, likameza miti na barabara za mbuga, na kitu kilichozama kinaweza kufichwa na chochote. Kazi ilichukua wiki kadhaa. Waliokuwa wakipiga kelele ufuoni kwamba wanajeshi wanalaza damu hawakuwa wamewahi kutia kichwa ndani ya maji yale.

Na kwa kuwa umenigusa hapo, niongeze ya Mombasa, kwani ndiyo kazi ya amani iliyo nzito kuliko zote. Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka hatua chache kutoka nchi kavu, watu 272 wakafa. Mtongwe ndiko iliko kambi kuu ya wanamaji. Msiba ulitokea mlangoni pao. Miaka 25 baadaye, Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye. Pale shida ilikuwa kinyume na ya Nakuru: kina cha mita 58 hivi, mkondo mkali, na mlango wa bandari ambamo meli za mizigo hazikomi kupita. Wanamaji, pamoja na wapiga mbizi binafsi, waliwatoa Oktoba 11. Nchi nzima ilikuwa ikihesabu siku.

Kuna meli waliilipua wenyewe? (Mwendesha boda, Busia)

Ndiyo, Agosti 29, 2014. Iliitwa Al Noor, ilikamatwa na zaidi ya kilo 370 za heroini, ikavutwa hadi bahari kuu ikalipuliwa Rais Uhuru Kenyatta akitazama. Kesi ya waliokamatwa nayo ilikuwa bado inaendelea mahakamani. Picha zake zilikuwa nzuri kwenye televisheni. Mimi nilikuwa nikijiuliza mawakili wanasemaje, kwa maana kielelezo kimekwenda kwa samaki.

Kijana wangu anataka kujiunga, lakini hajawahi kuiona bahari. Ana nafasi? (Baba, Homa Bay)

Mzee, usajili wa jeshi hufanyika kaunti kwa kaunti, na Homa Bay imo. Bahari ataionea huko huko. Ila niambie kweli: anajua kuogelea, au ni wale waliokulia ufuoni wakiogopa maji? Kama ni wa pili, mpeleke ziwani na mjomba wake kabla ya tangazo kutoka.