Kabla ya Kung'oa Nanga, Akukabidhi Usukani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Tukuyu, nina miaka 60. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo melini kwa miaka mingi, na tangu arudi nyumbani hajatulia. Sasa amepata yoti, yaani chombo cha matanga, ya mita 11 huko Tanga, naye anataka tuuze nyumba na shamba la chai, tukaishi humo na kutembelea visiwa hadi Kilwa. Mimi sijui kuogelea, na ninameza dawa za presha kila siku. Nikimwuliza nitafanya nini huko, hunijibu, "Wewe utapika na kupumzika." Ninampenda, lakini sipati usingizi. Nimfuate au nibaki? – Mke wa Baharia, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limesimama pale pale: "utapika na kupumzika." Umeniandikia ukiamini kwamba unaogopa bahari, nami siidharau hofu hiyo, kwani mtu aliyekulia chini ya Mlima Rungwe, katikati ya mvua na migomba, angeyazoea mawimbi wapi? Hata hivyo, naona kinachokukosesha usingizi zaidi ni kuitwa safarini kama abiria, hali chombo cha watu wawili hakina nafasi ya abiria.

Katika yoti ya ukubwa huo hakuna baharia mwingine wa kumpokea mumeo zamu. Mkisafiri usiku, itawabidi mpokezane usukani kila baada ya saa tatu au nne, mmoja akilala na mwingine akiangalia taa za meli pamoja na ngalawa za wavuvi, ambazo mara nyingi hazina taa yoyote. Sasa fikiria mumeo ameteleza akaanguka majini saa nane za usiku. Ni wewe utakayepaswa kumrushia boya, kumfuata kwa macho asipotee gizani, kutua tanga, kuwasha injini, kukigeuza chombo na kuomba msaada kwa redio katika chaneli ya 16, ile ya dharura. Mke aliyefundishwa jiko peke yake hawezi lolote kati ya hayo, na atakayekufa kwa sababu hiyo ni yule yule aliyekataa kumfundisha. Mweleze hivyo bila kupunguza neno. Mtu aliyezeekea melini ataielewa hoja hii kuliko atakavyoelewa machozi.

Marehemu mume wangu aliiweka mipango yote ya duka letu kichwani mwake, kwa kudhani ananipunguzia mzigo, na alipougua sikujua hata ni nani aliyetudai. Ninajua upendo wa namna hiyo unavyomwacha mtu gizani.

Yafaa pia uyajue maisha yenyewe kabla hujasema ndiyo au hapana. Wewe umezoea blanketi mbili mwezi wa Julai. Huko utalala katika chumba chembamba ambamo mwezi wa Februari hewa haipoi hata alfajiri, na nguo zikifungiwa kabatini huota ukungu. Maji matamu ni yale tu yaliyomo katika tangi, pengine lita mia mbili au tatu, kwa hiyo mtu huoga kwa maji ya bahari kisha hujisuuza kwa kopo moja. Kichefuchefu cha bahari huwapata wengi, ingawa kwa kawaida hupungua baada ya siku mbili au tatu. Kuna raha zake pia, na sitaki kukuficha: samaki aliyevuliwa asubuhi hiyo hiyo, utulivu wa ghuba baada ya jua kuzama, na mume ambaye hatimaye yuko karibu nawe baada ya miaka mingi ya kumngoja bandarini.

Kuhusu majira, mumeo anajua meli za injini, lakini tanga lina sheria zake. Upepo wa kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na huteremsha vyombo kutoka Tanga kwenda kusini, ingawa mkondo wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima na utawarudisha nyuma kidogo kidogo. Upepo wa kusi, wenye nguvu zaidi, hushika kuanzia Aprili au Mei, nao ndio wa kurudia. Vimbunga ni nadra kufika kwetu, lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia. Tena wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, hivyo chombo kilichoelea salama saa 10 jioni chaweza kuwa kimekaa juu ya mwamba ifikapo saa 4 usiku. Mambo haya jifunze wewe mwenyewe. Wewe ni mwalimu, na hakuna hata moja linaloushinda uwezo wako.

Nyumba isiuzwe. Hapa sina maneno laini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ridhaa hiyo iko mkononi mwako, nami nakusihi usiitoe kwa sasa. Ipangisheni, na chai ichumwe na mtu mnayemwamini. Chombo hula fedha kila mwaka, kwa matanga, kamba, betri na rangi ya chini ya maji, na wenye vyombo husema kwamba matunzo ya mwaka hufikia takriban sehemu ya kumi ya bei ya kukinunulia. Anayeishi humo bila nyumba ya kurudia hana njia siku mwili unapokataa.

Kwa hiyo mwambie mumeo hivi: utakwenda kwa msimu mmoja wa kaskazi, na kabla ya hapo utajifunza. Teremka Matema, ambako si mbali nanyi, utafute mtu wa kukufundisha kuogelea asubuhi, ziwa likiwa limetulia, kwani mawimbi ya Ziwa Nyasa si ya kuchezea upepo unapoamka. Mwone daktari wako kuhusu presha, naye akikuruhusu, beba dawa za miezi mitatu, maana visiwani duka la dawa si la kutegemea. Siku mtakapofika Tanga, shika wewe usukani huku mumeo akiketi na kunyamaza, mpaka uweze kukitoa chombo na kukirudisha penye nanga bila msaada wake. Nauli ya kukurudisha Tukuyu kutoka bandari yoyote iwe katika mkoba wako, wala isiwe katika wake.

Liko swali moja ambalo ningependa umwulize jioni hii, mkiwa mmeketi, kabla ya kuzungumza habari za bei na matanga: "Nikisema turudi, tutarudi?" Msikilize anavyojibu, kisha uniandikie.