Sindano Haijagusa Ngozi, Kosa Limeshatendeka

Wauguzi wengi wanaamini kosa huanza unapomgusa mgonjwa. Si kweli. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, ukimsogelea mgonjwa aliyekataa sindano, bomba liko mkononi, ukamwambia, "Tulia, la sivyo tunakushika," naye akaona kweli anachomwa sasa hivi, hofu hiyo uliyomtia inatosha kukushtakia. Ukimchoma, umeongeza kosa la pili: kumgusa bila ridhaa. Hili la pili husimama hata peke yake, kwa mfano akichomwa usingizini, bila habari yoyote.

Nia njema haikuokoi. Mwaka 1905 huko Minnesota, Marekani, katika kesi ya Mohr dhidi ya Williams, daktari alikuwa na ridhaa ya kupasua sikio la kulia. Mgonjwa alipolazwa usingizi kwa dawa, daktari akaona la kushoto ndilo bovu zaidi, akalipasua hilo. Mahakama ilisema amemgusa isivyo halali, ingawa hakukusudia ubaya. Katika kesi iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 1990 huko Ontario, Kanada, mwanamke aliyeokotwa ajalini akiwa na kadi ya kukataa damu aliongezewa damu. Huenda ndiyo iliyomponya, na bado daktari aliamriwa kumlipa dola 20,000. Dharura huruhusu kumtibu asiyejitambua, lakini si pale alipokwisha kukataza mapema.

Ridhaa si lazima iwe karatasi. Anayekunja mkono wa shati na kukunyooshea mkono amekubali. Akiurudisha, ameghairi, na hapo unasimama.

Ninachokiogopa zaidi ni ulimi wa mwisho wa zamu. Nimemsikia mwenzangu akimwambia mzee mwenye akili zake timamu, "Usipokula naupitisha huu puani," na mpira wa kulishia ameushika. Mzee alikula huku akitetemeka. Hakuguswa, lakini alidhulumiwa.

Mgonjwa akikataa, mimi huweka trei mbali na kitanda kwanza, kisha nakaa, namuuliza sababu. Mara nyingi aliumizwa safari iliyopita, au hakuna aliyemwambia dawa ni ya nini. Namweleza ugonjwa utamfanya nini akiikosa. Hilo ni haki yake kulijua. Nikianza kumweleza mimi nitamfanya nini, nimeshavuka mpaka. Akishikilia msimamo, namjulisha daktari, naandika kwenye faili saa, nilichomweleza, na jibu lake kwa maneno yake mwenyewe.