Rangi ya ndani ya kabini

SWALI: Boti yangu ya mbao ina kabini ya plaiwudi: urefu mita 2.5, upana mita 2, kimo mita 1.6. Mwaka jana niliipaka ndani rangi ya maji ya ukutani. Sasa inabanduka, na darini pana madoa meusi. Ninunue epoksi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha)? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, epoksi iache. Thina yake ni kali. Ikikutana na mabaki ya rangi ya zamani huyalainisha yakakunjamana. Inafaa mbao tupu. Wewe chukua rangi ya mafuta yenye mng'ao wa kiasi. Glosi, yenye mng'ao mkali, husafishika vizuri zaidi, ila huanika kila bonde la plaiwudi.

Hata hivyo, rangi yoyote ile itabanduka tena usipojua kilichoiangusha hii. Chukua ganda moja, ligeuze. Likiwa na nyuzi za mbao au weusi mgongoni, maji yalipita nyuma yake. Likiwa laini, linang'aa, basi lilipakwa juu ya rangi ya mafuta isiyopigwa msasa, halikupata pa kushika.

Maji mara nyingi huingilia ukingo wa plaiwudi, ambao huyanywa kama utambi, au tundu za skrubu na fremu za madirisha. Ziba huko kwanza. Kisha komba kilicholegea. Madoa meusi ni ukungu: yapake klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji 4, uache dakika 15, usuuze. Usiichanganye na siki wala dawa nyingine. Osha kabini nzima kwa maji ya bomba, kwani chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu na kuleta malengelenge.

Ikishakauka, bandika kipande cha nailoni kwenye mbao kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukiona matone ndani yake, ngoja. Januari na Februari, kabla ya masika, ndiyo miezi mizuri ya kazi hii.

Msasa namba 80, halafu 120. Praima ya mafuta (rangi ya kwanza ya kushikilia) mkono mmoja, yaani upake mara moja, na kwenye kingo mikono mitatu. Rangi mikono miwili, msasa 180 katikati, na kila mkono ulale saa 24. Ukiharakisha, thina hunaswa chini na rangi hubaki laini. Kuta na dari ni kama mita za mraba 19. Lita 1 hufunika takriban mita 10, hivyo galoni moja ya lita 4 yatosha, na praima lita 2.

Jihadhari sana na mvuke wa thina, kwani hushika moto. Ni mzito kuliko hewa, huzama kwenye ngama (chini kabisa ya boti) na kukaa hapo. Kata umeme wa betri pamoja na pampu inayojiwasha yenyewe, usiwashe jiko, na weka feni mlangoni, upande wa nje, ipulize hewa ndani. Kichwa kikianza kuzunguka, toka mara moja.

SWALI: Mbona rangi nyeupe ndani ya makabati ya boti imegeuka njano, na nje yake bado nyeupe?

JIBU: Rangi ya mafuta hugeuka njano ikikosa mwanga. Ndani ya makabati tumia akriliki ya maji ya kupakia mbao, au chagua rangi ya krimu tangu mwanzo.