Maswali ya wasomaji: Vitabu vya mashairi vya enzi ya Malkia Victoria

Nimenunua kitabu cha mashairi cha miaka ya 1850, jalada limejaa nakshi za dhahabu. Nilipokifungua, kurasa zikamwagika kama karata. Mgongoni hakuna hata uzi mmoja. Je, nimeuziwa kitabu kilichochanwa?
— Msomaji, Leeds

La, kilitoka kiwandani hivyo. Mwaka 1836 William Hancock alipata hataza ya kuunganisha kurasa kwa mpira badala ya kushona. Mikunjo ya mgongoni ilikatwa yote, kila karatasi ikabaki peke yake, kisha mgongo ukapakwa mpira ulioyeyushwa. Wachapishaji waliipenda njia hii kwa sababu kitabu kilifunguka bapa na mchoro ukaonekana wote. Tatizo ni kwamba mpira huharibiwa na hewa: hukauka, hupasuka, mwisho huwa unga wa kahawia.

Usikimbilie gundi nyeupe ya seremala wala selotepu. Gundi hiyo ikipenya ukingo wa ndani, karatasi hukakamaa na hukatika pale pale gundi inapoishia. Selotepu huacha doa la manjano lisilotoka.

Anza kwa kuhesabu. Linganisha michoro na orodha iliyoko mbele ya kitabu, kisha pitia namba za kurasa moja moja. Karatasi iliyolegea ni rahisi kuchomolewa ikatiwe fremu, na mchoro ukikosekana ndipo ulipopunjwa. Kama vyote vipo, kipange, kiwekee kadibodi isiyo na asidi juu na chini, kifunge kwa utepe wa pamba (si mpira wa ofisini) na ukilaze. Ukimpelekea fundi, asikishone kwa kutoboa pembeni, kwani hula ukingo na kitabu hakitafunguka vizuri tena. Mwombe apepee kurasa upande huu na huu huku akipaka mgongoni gundi inayonyumbulika.

Muuzaji anasema mashairi ya Tennyson, mshairi wa Uingereza, aliyonayo ni toleo lenye michoro la 1857. Nitahakikishaje?
— Msomaji, Nairobi

Soma ukurasa wa jina la kitabu: mchapishaji awe Edward Moxon, London, 1857. Ukiona Routledge, hilo ni toleo la baadaye. Kampuni hiyo ilinunua nakala zilizomdodea Moxon, na si ajabu, maana bei ilikuwa shilingi 31 na peni 6. Hesabu michoro 54. Wachoraji wa kundi la Pre-Raphaelite, lililopinga mtindo wa zamani, ni watatu: Millais ana 18, Holman Hunt 7, Rossetti 5, na iliyobaki ni ya wachoraji wa mtindo wa zamani. Watu hununua kitabu hiki kwa ajili ya hao watatu, nasi tunaona wana haki. Tennyson mwenyewe hakuridhika. Alimlalamikia Hunt kwa kumchora bibi wa Shalott, mhusika wa shairi lake, nywele zikiruka ovyo.

Chukua lenzi inayokuza mara 10. Michoro hii ilichongwa kwenye mbao ngumu, hivyo mistari hupaswa kuwa myembamba na mikali. Sehemu za kivuli zikiwa zimejaa wino na mistari imeungana, huenda imechapwa kwa kibao kilichochakaa.

Ni kweli vitabu vya kijani vina sumu?
— Msomaji, Muscat

Baadhi, ndiyo. Mradi ulioanza 2019 katika jumba la makumbusho la Winterthur, Marekani, umethibitisha aseniki kwenye vitambaa vya majalada ya katikati ya karne ya 19. Inayotiliwa shaka ni kijani kali inayong'aa, mara nyingi mgongo ukiwa umegeuka kahawia kwa mwanga. Rangi hii humomonyoka. Vaa glovu za nitrili, usilambe kidole kufungua kurasa, kiweke kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, nawa mikono. Usikiweke karibu na watoto. Hakuna haja ya kukitupa.

Jalada la kitambaa limechafuka. Nilisafishe kwa maji ya sabuni?
— Msomaji, Mombasa

Usithubutu. Kitambaa hicho kimejazwa wanga. Maji huuyeyusha, mng'ao hupotea na rangi huachia mawimbi. Tumia brashi laini kavu tu, ukifagia kutoka mgongoni kwenda nje, na usiisugue dhahabu. Kwa joto la Mombasa, hofia zaidi kuvu: unyevu hewani ukizidi asilimia 65, huota. Acha nafasi kati ya rafu na ukuta.