Jibu: Trauti wa Kiptiget wanakataa nzi wangu

Kaka, umeuliza kwa nini samaki aina ya trauti wa mto Kiptiget, huku Kericho, wanaonekana wakila ilhali nzi wako mkubwa mwekundu (chambo bandia cha umbo la mdudu) hawamgusi. Kabla ya kufunga chochote kwenye mshipi, inua jiwe mtoni uangalie chini yake. Utakuta tunutu (wadudu wachanga wa majini) wembamba wa kahawia wenye mikia kama nyuzi, na mabuu waliojijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Hao ndio chakula cha kila siku, maana trauti hula zaidi chini ya maji kuliko juu. Funga tunutu bandia wa rangi hiyo, ndoana namba 14 au 16, umwache azame na kusafiri na mkondo bila kumvuta. Ukichagua nzi, angalia ukubwa kwanza, umbo pili, rangi baadaye. Mimi nauamini sana mpangilio huo. Wadudu wakianza kuibuka na kuruka, ndipo uweke nzi wa kuelea.

Na mvua ikinyesha kumbikumbi wakatoka, tafadhali usibaki na tunutu! Wengi huangukia majini na samaki huwala kwa pupa. Nzi wa kahawia mwenye mabawa marefu yaliyolala atakufaa. Panzi bandia pia, kando ya nyasi.