Kabla ya kuthibitisha chuo, kaangalie mlango wa mshauri

Juzi binti mmoja wa Uvinza kaniandikia: "Kaka, nimepata vyuo viwili, nithibitishe kipi? Kimoja kina ghorofa jipya la vioo." Nikacheka, kisha nikanuna. Vioo hivyohivyo ndivyo vilivyoniponza.

Shahada ya miaka mitatu nimeisoma mitano. Chuo sikitaji. Mwaka wa pili nilipata sapu ya takwimu, yaani mtihani wa marudio, nikaifanya, alama zikapotea. Mhadhiri ananituma idarani, idara inanirudisha kwa mhadhiri. Mshauri wa wanafunzi alikuwa mmoja kwa chuo kizima, na mlangoni kwake kufuli. Muhula huohuo geti lilikuwa linapakwa rangi! Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likakatika, nikarudi Kigoma kubeba mabeseni ya dagaa na mama pale Kibirizi, wenzangu wakirusha picha za majoho. Zote nilizilaiki. Roho iliniuma, na bado inauma.

Mwezi uliopita nimehitimu. Ndipo nikapata utulivu wa kusoma kilichonikuta. Kumbe mwaka 2010 Wamarekani wawili, Douglas Webber na Ronald Ehrenberg, walionyesha kwamba fedha inayokwenda kwenye huduma za wanafunzi huongeza wanaohitimu, hasa kwenye vyuo vinavyopokea watoto wa hali ya chini walioingia na alama ndogo. Yaani sisi. Jijini New York mpango wa ASAP, ulioanza 2007, huwapa wanafunzi mshauri wa karibu, vitabu na nauli. Ulipopimwa, baada ya miaka mitatu 40% walikuwa wamehitimu; wenzao wasiokuwemo, 22%. Nauli tu na mtu wa kukuuliza umekwama wapi!

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda kaangalie mlango wa mshauri. Uliza walioingia pamoja mwaka fulani wamemaliza wangapi kwa wakati. Usiulize idadi ya siku ya mahafali, ile ina wazee kama mimi ndani yake. Na chuo kinachochukua vipanga watupu kisikubabaishe, wale watahitimu hata chuo kikilala. Tuache ushamba wa vioo, jamani. Mlango wa mshauri kwanza, nasema tena.

Joho lenyewe lilikuwa la kukodi. Mama kalitundika sebuleni, kagoma lisirudishwe. Faini anailipa yeye, kwa dagaa.