Ufeloo hautoshi, PhD lazima

Kaka, umeuliza kama masta na ufeloo (uanachama wa juu) wa IFoA, chama cha Uingereza cha wataalamu wa takwimu bima, vinatosha kuwa Mhadhiri Mwandamizi wa takwimu bima (hesabu za hatari za bima na pensheni) kwenye chuo kikuu Tanzania. Hapana, havitoshi, hata kama mitihani ya IFoA ni migumu kuliko PhD nyingi. Kwa masta unaingia Mhadhiri Msaidizi, na hapo digrii ya kwanza iwe GPA 3.8 na masta 4.0. Hapo ndipo wengi hukwama, maana GPA ya digrii hairekebishiki. PhD inakupa Mhadhiri. Uandamizi unakuja baada ya miaka isiyopungua mitatu kwenye cheo hicho, ukiwa na machapisho kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu, na yanayohesabiwa ni ya baada ya kupanda cheo mara ya mwisho. Ripoti ulizoandikia kampuni ya bima si machapisho ya aina hiyo.

PhD ya takwimu au hisabati inaweza kukubalika ikiwa tasnifu inagusa vihatarishi, pensheni au vifo.

Kama masta umesoma nje, anza na utambuzi wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), yaani waitambue digrii hiyo. Maombi ni mtandaoni, huna haja ya kutoka Tabora kwenda Dar. Jina kwenye vyeti vyote lifanane. Herufi moja tu ikitofautiana, andaa hati ya kiapo mapema.